Tube ya London: treni nzuri, ramani inayodanganya miguu

Kati ya stesheni ya Leicester Square na ile ya Covent Garden hakufiki mita 300. Kwa miguu ni dakika nne au tano. Kwa treni, mwendo wenyewe haufiki hata dakika moja, lakini kabla yake kuna kushuka ngazi za umeme na kungoja jukwaani, na baada yake kuna foleni ya lifti, kwa sababu Covent Garden haina ngazi za umeme. Asiyetaka kungoja lifti ana ngazi za kuzunguka zenye vidato 193, na tangazo la stesheni linamwonya kwamba ni sawa na kupanda jengo la ghorofa 15. Hata hivyo kila siku kuna watu wanaolipa nauli kamili kwa kipande hicho. Si uzembe wao. Wanaifuata ramani, na ramani ndiyo iliyowapeleka.

Tathmini hii ni ya treni za chini ya ardhi za London, ambazo wenyeji huziita Tube, na hasa inahusu jambo moja: namna ya kukwepa stesheni zilizofurika. Tuanze kwa kutoa haki inapostahili. Mtandao huu ulianza tarehe 10 Januari 1863, kati ya Paddington na Farringdon, na leo una stesheni 272 na laini 11. Laini ya Victoria hupitisha hadi treni 36 kwa saa nyakati za msongamano, yaani treni moja kila sekunde 100. Ukikosa moja hupotezi kitu. Kwa usafirishaji wenyewe, alama za juu kabisa. Kasoro iko kwenye ramani na vibao, ambavyo huwamiminia watu wote stesheni zilezile kumi na kitu, ilhali za jirani zina nafasi.

Ramani maarufu ya Tube ilitolewa kwa umma mwaka 1933, kazi ya mchoraji Harry Beck. Alichora mistari iliyonyooka na kona za pembe maalumu, akaacha kabisa umbali halisi. Kwa kujua upande laini gani na ubadilishie wapi, sijui ramani ya usafiri iliyo wazi kuliko hii. Kwa kujua ushuke wapi, ni mbovu. Mtu aliyeko stesheni ya Bank anayetaka kwenda Mansion House anaonyeshwa safari ya kubadilisha treni, wakati juu ya ardhi ni matembezi ya dakika tano. Queensway na Bayswater ziko karibu mtaa mmoja, lakini kwenye mchoro ni laini mbili zisizojuana. Lancaster Gate na Paddington, Warren Street na Euston Square, Charing Cross na Embankment, Regent's Park na Great Portland Street: jozi zote hizi zinatembeka upesi kuliko kushuka na kupanda. Tangu 2015 shirika la usafiri la jiji, TfL, lina ramani nyingine rasmi inayoonyesha dakika za kutembea kati ya stesheni na stesheni. Ni ya bure mtandaoni. Ilistahili kubandikwa kwenye kila jukwaa la katikati ya jiji, palepale kando ya ile ya Beck. Ipakue kwenye simu kabla hujatoka nyumbani, kwa maana huko chini mtandao haupatikani kila mahali.

Kabla ya kuzitaja stesheni zenyewe, ni vyema kuelewa kwa nini mageti hufungwa. Ngazi za umeme hazijui kwamba jukwaa limejaa; zinaendelea kumwaga watu tu. Treni moja ikichelewa dakika tano kwenye laini ambayo hupitisha treni kila dakika mbili, jukwaa linakusanya watu wa treni mbili au tatu, na treni itakayofika nayo inakuja imeshajaa pomoni. Hapo wafanyakazi hawana njia salama zaidi ya kuzuia watu juu, mlangoni, mpaka jukwaa lipungue. Kwa hiyo geti likifungwa mbele yako halimaanishi kwamba treni hazipo. Maana yake ni kwamba hapo una dakika kadhaa za kusimama, na stesheni ya jirani huenda iko wazi. Ngazi moja ya umeme ikiwa kwenye matengenezo, hali ni hiyohiyo hata bila treni kuchelewa.

Hapa panafaa neno kuhusu desturi ya kusimama kulia na kuacha kushoto kwa wanaopanda kwa miguu. Mwishoni mwa 2015, na tena 2016, stesheni ya Holborn ilijaribu kuwasimamisha watu pande zote mbili. Ngazi zikabeba watu wengi zaidi. Sababu ni kwamba ngazi za Holborn ni ndefu, wachache ndio wenye pumzi ya kuzipanda, hivyo upande wa kushoto hubaki nusu tupu huku foleni ikijaa chini. Desturi ilirudi, na foleni za Holborn zikarudi nayo. Ukiona foleni ndefu chini ya ngazi na upande wa kushoto uko wazi, panda kushoto vidato kadhaa kama mwili unaruhusu. Ni njia halali na ni ya haraka.

Oxford Circus ndiyo stesheni ya kwanza ya kukwepa, hasa jioni za siku za kazi na Jumamosi mchana. Laini tatu zinakutana pale, za Central, Victoria na Bakerloo, na milango yake iko kwenye kona za makutano ya barabara mbili za maduka. Mageti ya kuingilia hufungwa mara kwa mara. Dawa yake inategemea unakokwenda. Mwenye shida na ubalozi wa Kenya, ulioko namba 45 Portland Place, hana sababu ya kupita Oxford Circus hata kidogo: ashuke Regent's Park kwa laini ya Bakerloo, au Great Portland Street kwa laini za Circle, Metropolitan na Hammersmith & City, kisha atembee kuelekea kusini. Ubalozi wa Tanzania uko namba 3 Stratford Place, ng'ambo ya barabara kutoka stesheni ya Bond Street. Angalizo: Stratford Place si Stratford. Stratford ni stesheni kubwa ya mashariki, mbali na hapo, na mtu akiandika neno hilo peke yake kwenye simu anaweza kujikuta upande mwingine wa jiji saa ya miadi ikimpita.

Anayetaka maduka ya Oxford Street yenyewe aitumie laini ya Elizabeth, iliyofunguliwa Mei 2022. Nitakaa kidogo hapa, maana ndipo penye faida kubwa kuliko mahali pengine pote, na watu wengi wanaipoteza kwa kukaa behewa lisilofaa. Treni za laini hii zina mabehewa tisa na urefu wa zaidi ya mita 200. Majukwaa ya katikati ya jiji ni marefu kiasi kwamba ncha mbili za stesheni moja zinatokea mitaa tofauti kabisa. Bond Street, ncha ya magharibi inatoka Davies Street, na ncha ya mashariki inatoka Hanover Square, dakika chache tu kwa miguu hadi makutano ya Oxford Circus. Tottenham Court Road, magharibi ni Dean Street, katikati ya Soho. Mashariki ni mlango mkuu wa zamani. Farringdon, magharibi ni Farringdon yenyewe, mashariki ni Barbican. Liverpool Street, magharibi ni Moorgate, mashariki ni Liverpool Street.

Kanuni ni rahisi ukiishika. Ukisafiri kuelekea mashariki, kwa mfano kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow au Paddington, mbele ya treni ni ncha ya mashariki. Kwa hiyo wa Hanover Square apande mabehewa ya mbele, na wa Davies Street, pamoja na wa ubalozi wa Tanzania, apande ya nyuma. Ukitoka Stratford au Whitechapel kwenda magharibi, geuza. Ukikosea, unatembea urefu wa jukwaa zima dhidi ya umati unaotoka, na hapo muda wote uliookoa umekwisha. Majukwaa haya ya katikati yana kuta za vioo zenye milango inayofunguka sambamba na ya treni, kwa hiyo unajua hasa mlango utakapokuwa. Simama pembeni ya mlango, waache wanaoshuka watoke. Kuta za namna hiyo zipo pia kwenye laini ya Jubilee kuanzia Westminster hadi North Greenwich.

Kuna jambo ambalo ramani haionyeshi kabisa, nalo huamua kama kubadilisha treni kutachukua sekunde kumi au dakika nane. Stesheni fulani zimejengwa hivi kwamba laini mbili zinazoelekea upande mmoja ziko pande mbili za jukwaa moja: unashuka, unavuka hatua chache, unapanda. Finsbury Park ni hivyo kwa Victoria na Piccadilly. Stockwell ni hivyo kwa Victoria na Northern. Oxford Circus, pamoja na ubaya wake wote, ni hivyo kwa Victoria na Bakerloo, kwa hiyo kubadilishia hapo hakuna shida. Shida ni kutoka na kuingia. Baker Street ni kwa Bakerloo na Jubilee, Mile End ni kwa Central na District, Kennington ni kwa matawi mawili ya Northern.

Linganisha na Green Park. Kwenye ramani ni duara moja dogo. Chini ya ardhi, kutoka Piccadilly hadi Victoria au Jubilee ni korido ndefu yenye watu wengi, na mwenye sanduku la safari ataijutia. Aliyetoka Heathrow kwa Piccadilly akienda Victoria, Westminster au Tower Hill, abadilishe mapema, Hammersmith au Barons Court, avuke jukwaa apande District. Laini ya District ina mabehewa mapana yenye viyoyozi, tofauti na treni za mahandaki ya chini sana, ambazo wakati wa kiangazi ni joto tupu. Aliyetoka Heathrow akienda Tottenham au Walthamstow, abaki kwenye Piccadilly hadi Finsbury Park. Treni itachukua dakika chache zaidi, lakini hakuna hatua ya ngazi atakayobeba sanduku.

Na anayetoka Heathrow kwenda King's Cross na mizigo mingi? Laini ya Elizabeth hadi Farringdon, halafu kituo kimoja kwa treni ya Thameslink hadi St Pancras. Usumbufu unapungua, tatizo ni bei: nauli ya Elizabeth kutoka Heathrow ni zaidi ya mara mbili ya Piccadilly. Kwa mtu mmoja mwenye begi la mgongoni haina maana. Kwa familia yenye masanduku manne na mtoto kwenye kigari, ninaipendekeza bila kusita, kwa sababu stesheni zake zina lifti hadi jukwaani.

King's Cross St Pancras yenyewe inahitaji macho. Laini sita zinakutana pale. Vibao vimepangwa kugawa umati, si kukufikisha upesi. Vingi vinakuelekeza kwenye ukumbi wa kaskazini, uliofunguliwa 2009, ambao ni mpana na wa kupendeza lakini ni mzunguko kwa anayetaka barabarani. Kama mwisho wa safari yako ni mtaani, fuata neno Euston Road kwenye vibao vya kutokea, usifuate wingi wa watu. Na kama unakwenda Euston, kutoka King's Cross ni kutembea dakika kumi hivi kwa Euston Road, moja kwa moja bila kupinda.

Wanaoingia mjini kwa treni za reli kuu wana nafasi nzuri kuliko wote, kwa sharti wasisubiri stesheni ya mwisho. Treni za kutoka kusini magharibi zinaishia Waterloo, lakini nyingi husimama Vauxhall kwanza: shuka hapo, laini ya Victoria iko chini yako. Treni za kutoka kaskazini zinazosimama Finsbury Park hukuokoa na King's Cross. Zile za kwenda Moorgate hupita Highbury & Islington, ambako unavuka jukwaa tu kuingia Victoria. Kutoka mashariki, Stratford unavuka jukwaa kati ya Elizabeth na Central. Kutoka uwanja wa ndege wa Gatwick, Thameslink inakupitisha London Bridge, Blackfriars na Farringdon bila kugusa stesheni ya Victoria, ambayo asubuhi nayo hufungiwa mageti. Ukilazimika kuingia Victoria, mlango wa upande wa Cardinal Place, uliofunguliwa 2017, mara nyingi una nafuu kuliko ule wa ndani ya stesheni ya reli. Laini fupi ya Waterloo & City, inayokimbia hadi Bank bila kusimama popote, ni msaada mkubwa kwa wafanyakazi wa mabenki, lakini haifanyi kazi Jumamosi wala Jumapili. Wageni wengi hugundua hilo wakiwa wameshafika mlangoni.

Bank imebadilika. Mwaka 2022 laini ya Northern ilipata handaki na jukwaa jipya la kuelekea kusini, na mapema 2023 ukafunguliwa mlango mpya wa Cannon Street. Sifa mbaya ya zamani, ya korido nyembamba na kona zisizoisha, imepungua sana upande wa Northern. Upande wa Central bado majukwaa yamepinda, na pengo kati ya treni na jukwaa ni pana. Mwenye mtoto amshike mkono.

Sasa kadi, maana hapa ndipo watu huumia mfukoni. Ukitembea mwanzoni au mwishoni mwa safari, haikugharimu kitu; unagusisha kadi kwenye kisomaji unapoingia na unapotoka, basi. Ukitembea katikati ya safari, yaani ukitoka stesheni moja na kuingia nyingine ili uendelee, mara nyingi unatozwa safari mbili. Zipo jozi ambazo mfumo unazihesabu kama safari moja, mradi uingie ya pili ndani ya muda uliowekwa, na muda huo unatofautiana kwa kila jozi: Euston na Euston Square, Camden Town na Camden Road, Seven Sisters na South Tottenham, Archway na Upper Holloway, Walthamstow Central na Walthamstow Queen's Road. Leicester Square na Covent Garden si mojawapo.

Tumia kifaa kilekile safari nzima. Simu, saa ya mkononi na kadi ya plastiki huhesabiwa kuwa vitu vitatu tofauti hata kama vyote vinatoa pesa kwenye akaunti moja ya benki. Ukiingia kwa simu ukatoka kwa kadi, mfumo unaona safari mbili zisizokamilika na unakata nauli ya juu kabisa mara mbili. Ukizunguka nje ya katikati ya jiji kwa kubadilisha treni, kwa mfano Highbury & Islington, Canada Water, Gospel Oak au Stratford, tafuta kisomaji cha rangi ya waridi na ukiguse. Chenyewe hakikati pesa. Kinauambia mfumo kwamba hukupita kanda ya 1, yaani katikati ya jiji, na nauli inashuka. Kisomaji hicho hakichukui nafasi ya kile cha njano cha kuingilia na kutokea. Nauli za juu ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa 12:30 hadi 3:30 asubuhi na saa 10:00 jioni hadi 1:00 usiku. Siku zilizojaa zaidi ni Jumanne hadi Alhamisi. Jumatatu na Ijumaa ni nyepesi.

Programu mbili za simu zinatosha. TfL Go, ya shirika lenyewe, inaonyesha kama stesheni ina watu wengi au imetulia kwa wakati huo, na pia lifti zilizoharibika. Citymapper inakuambia upande sehemu gani ya treni, mbele, katikati au nyuma, na utokee mlango upi. Ya kwanza ninaiamini kwa hali ya sasa, ya pili kwa kupanga. Zote mbili zina udhaifu wa kupenda treni kuliko miguu pale tofauti ni dakika moja au mbili, kwa hiyo daima angalia pia chaguo la kutembea.

Jumapili, soko la Camden huifanya Camden Town kuwa ya kuepukwa mchana kutwa. Chalk Farm iko upande wa pili wa soko na ni nyepesi, ila iko kwenye tawi la Edgware la laini ya Northern tu. Mornington Crescent nayo hupata treni zinazopita Charing Cross tu, si za Bank. Soma kichwa cha treni kabla ya kupanda.

Na kwa mashabiki wa Arsenal wanaosafiri kutoka Dar, Nairobi au Kampala kuona mechi Emirates: uwanja unachukua zaidi ya watu 60,000, na wote hutoka kwa pamoja. Holloway Road, iliyo karibu, huwekewa vizuizi siku za mechi, msiipangie. Stesheni ya Arsenal ina mlango mmoja mdogo na foleni yake hujaza mtaa. Kwendea, itumieni bila shida mkifika saa mbili kabla ya mechi kuanza. Kurudia, tembeeni hadi Highbury & Islington au Finsbury Park, na kama nazo zimejaa, endeleeni kama dakika 20 kutoka uwanjani hadi Caledonian Road, ambayo ni laini ileile ya Piccadilly, ina lifti, na watu wengi huisahau.